Mlima Wako wa Elm

Kaka Shabani,

Ningekuandikia mapema, ila kila nikishika kalamu matusi yalikuwa yanatangulia, na Mama alitulea kwamba maiti hatukanwi. Sasa ni miezi tisa. Matusi yamepungua, hayajaisha. Leo nimefunga duka saa nane mchana, nimeketi kwenye meza ya kukatia vitambaa, mapazia ya watu yamening'inia kila upande, na nitakwambia yote yalivyokwenda, kwa sababu wewe ndiye uliyeyaanzisha na hukubaki kuyaona.

Mkeo Ute alinipigia kutoka Ujerumani siku ile ile uliyokata roho. Nilikuwa hapa hapa dukani Overport, Durban, nimepiga magoti nampimia mteja pazia. Akaniambia umefariki, kansa, umeugua tangu mwaka jana. Tangu mwaka jana, Kaka! Na Idi tuliongea kwa simu, ukamwambia Mama umepungua kwa sababu unakula mboga. Nikalia, mwanamke wa watu akanisubiri nimalize. Kisha nikamwuliza swali ambalo kwetu ndilo la kwanza: mnamzika leo au kesho?

Akasema baada ya wiki tatu, nne hivi. Nikadhani Kiingereza chake kimekwama, au changu. Akarudia polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Kwanza utachomwa. Kisha majivu yatazikwa msituni, chini ya mti, kwenye vilima vya Elm, pale pale ulipofanya kazi yako ya kuchunguza mawe miaka yote hiyo. Nikamwambia haiwezekani, huyu ni Mwislamu, na mama yake ni mwosha maiti. Akasema kuna karatasi, umeisaini mwenyewe, na hata jina la mti ulilichagua wewe. Nilikaa sakafuni juu ya vipande vya vitambaa na mteja wangu akaondoka bila kuaga.

Hebu niambie, ulipoishika hiyo kalamu kusaini, mikono ya Mama hukuiona? Mikono ile imewaosha wanawake wa Tanga tangu sisi hatujazaliwa. Hapa Durban ndiyo hiyo hiyo inayoitwa: Mtanzania akifa, Mngazija akifa, Mmalawi asiye na ndugu akifia hospitali, watu wanakuja kugonga, na Mama anachukua mfuko wake wa kafuri na pamba na kwenda, na goti lake lile bovu. Ana miaka sabini na sita. Wanawake wasiomjua hata kwa sura ameziba masikio yao kwa pamba na kuwafunika vizuri. Na mwanawe wa kumzaa akaingizwa motoni kwa hiari yake mwenyewe.

Nilifika nyumbani jioni ile nikiwa nimeamua kumwambia. Wallahi nilikuwa nimeamua. Wanawake walishajaa sebuleni, habari ilikuwa imenitangulia, ila ya kifo tu. Mama alikuwa kwenye mkeka, amejifunika, wala halii. Akanyanyua uso akaniuliza nani atakuosha. Mdomo wangu ulijibu kabla sijauambia. Nikasema Waturuki, Kaka. Nikasema kuna msikiti wa Waturuki mjini, wazee wao wamekuja kukuchukua, watakuosha na kukusalia na kukuzika kesho baada ya adhuhuri. Mama akasema alhamdulillahi, Waturuki ni watu wa dini. Akaanza kulia vizuri, kilio cha mtu aliyetua mzigo, na mimi nikakimbilia jikoni.

Ijumaa wakakusalia sala ya ghaibu, ile ya maiti aliye mbali. Msikiti wa hapa mtaani ni wa Wahindi na kwa madhehebu yao haipo, kwa hiyo Watanzania wakakusanyika ukumbini, wakapanga safu. Nilisimama nyuma na wanawake nikihesabu takbira nne juu ya mtu ambaye saa ile, kwa hesabu ya Ute, alikuwa bado kwenye friji akingoja zamu yake ya moto. Hiyo ndiyo sala uliyoniachia.

Wiki ya tatu bahasha ikafika. Ute hakuandika neno, alituma tu ulivyomwachia atume: ramani ya vilima vyako, duara la penseli juu yake, kadi yenye namba ya mti, na barua yako. Barua ya ukurasa mmoja! Nusu yake umeeleza aina ya mawe. Na chini kabisa: "Ruki, Mama mwambie kwa namna utakayoona inafaa. Wewe unamjua kunishinda."

Namjua kukushinda kwa sababu mimi ndiye niliyebaki naye, Kaka. Baba alipofariki mimi ndiye niliyemtoa Tanga nikamleta huku, mimi ndiye ninayempaka dawa ya goti, mimi ndiye ninayejua kwamba anapenda chai ipoe kabla ya kuinywa. Kumjua kwangu ukakugeuza kuwa kazi ya kukusafishia uchafu wako. Miezi yote uliyokaa unajijua unakufa, ulishindwa kumwambia mwenyewe sentensi moja? Uliogopa nini, kwamba angepanda ndege aje akuburute kwa sikio?

Nikaiweka barua chini ya cherehani. Nikasema nitamwambia arobaini ikipita.

Kumbe Mama alikuwa na maswali mengine. Unajua yeye kaburi analipima. Ameona makaburi ya kila namna, yaliyojaa maji, yaliyoporomoka kabla maiti hajashuka. Ijumaa moja baada ya sala akaniuliza: huko alikozikwa Shabani ni mahali gani? Bondeni au mlimani? Udongo wake ukoje, maji hayatuami? Sasa mimi ningejibu nini? Nikatoa ramani yako. Nikatoa na zile barua zako za zamani, zile ulizokuwa ukituandikia kuhusu Elm mpaka mimi nikawa naruka kurasa nitafute kama umeniuliza hali. Nikaanza kusoma kwa bidii, mimi niliyefeli jiografia.

Nikamwambia ni mlimani, Mama. Nikampimia kwa vipimo vya huku: urefu wake ni kama kutoka hapa Overport mpaka Isipingo na ushee, upana wake ukianzia hapa hufiki hata Queensburgh. Kwa juu, mahali pa juu kabisa, mita mia tatu ishirini na tatu. Mama akasema huo mbona si mlima, ni kilima. Akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu ufe. Na kweli, Kaka, nilikuwa nataka kukuuliza siku nyingi. Mtu aliyezaliwa akiiona Usambara, milima yenye mawingu yake yenyewe, anakwendaje kufa na kilima ambacho ukipanda taxi ya Hillcrest hapa umekipita kwa kimo zaidi ya mara mbili? Mkataa kwao mtumwa, Baba alikuwa akisema, na wewe ulikuwa ukicheka.

Nikamwambia msitu wote ni wa mti wa aina moja, wenyewe wanauita Buche, wewe ukaubatiza mbuche kwa sababu Kiswahili hakina jina lake. Gome laini la kijivu, kama goti la tembo. Wakati wa kipupwe hauna jani hata moja, ukifika mwezi wa nne ardhi yote chini yake inajaa maua meupe na majani yanayonuka kitunguu saumu. Mama akapenda hilo la kitunguu saumu. Akasema basi shetani hakai hapo.

Nikamwambia mwamba wake ni chokaa, na chokaa yenyewe ni makombe ya bahari iliyokuwa hapo zamani za zamani. Hilo nililitoa kwenye barua yako ya kwanza kabisa, ulipotuma kile kijiwe cha duara chenye tundu katikati, kama kifungo. Ukasema ni kiungo cha mnyama wa baharini, na kwamba unaokota bahari mlimani. Mama alikishona kwenye upindo wa khanga yake, nadhani hukuwahi kujua. Hukuwahi kujua mengi.

Kisha nikamwambia la mwelekeo, na hili ndilo lililonimaliza. Vilima vyako vimelala kutoka kaskazini magharibi kwenda kusini mashariki. Nilikuwa nimeshachunguza kwamba huko Ujerumani kibla ni kusini mashariki. Nikalisema hivi hivi, bila kufikiri, kwamba Mama, mlima wenyewe umelala kwa kibla. Mama akaacha kutafuna. Akanitaka nirudie. Akanitaka nimwoneshe kwenye ramani kwa kidole. Akashika uso wake kwa mikono miwili akasema, "Mwanangu alichagua vizuri."

Ndilo neno la kweli pekee nililomwambia mwaka huu mzima, kwamba mlima umelala hivyo, na ndilo lililomdanganya kuliko yote. Wiki ile ile kila mwanamke aliyekuja kumsalimia alisimuliwa habari za mlima wa Shabani unaoelekea Makka. Toka hapo ikawa kila Ijumaa ni Elm. Akanywa chai yake iliyopoa, akasema haya, tuendelee. Nikamweleza mito midogo inayozaliwa pale, na ile mingine inayotiririka kisha inazama kwenye shimo na kupotea, kwa sababu chokaa imelika kwa ndani. Hiyo hakuipenda. Akataka kuhakikishiwa kwamba mashimo hayo yako mbali nawe. Nikamweleza chumvi iliyo chini kabisa ya mlima, ambayo ndiyo iliyousukuma mlima juu. Hiyo akaipenda, akasema chumvi haiozeshi kitu, mwili utakaa. Nilitoka nje nikasimama kwenye ngazi.

Unafikiri sikujaribu? Nilimwendea shekhe wetu nikamwuliza kana kwamba ni habari ya mtu mwingine, si yetu. Akasema aliyechomwa bila kutaka hana dhambi, na dua anaombewa. Nikamwuliza, na aliyetaka? Akasema huyo naye aombewe, ila yamebaki baina yake na Mola wake. Nikarudi nyumbani na hilo moyoni. Mama anaamini maiti huumia kama aliye hai, ndiyo maana huosha taratibu, huwaomba radhi akiwageuza. Ningemwambia mwanao ameungua, yeye angesikia kwamba umelia motoni na hakuwepo mtu wa kukuitikia.

Hivyo nikaendelea. Na pengine ningeendelea mpaka leo, kama si Espérance.

Unamkumbuka Espérance, yule dada Mkongomani uliyemkuta kwetu ulipokuja ile mara moja. Mama yake alipofariki hapa Durban, Mama yetu alipikia wafiwa wiki nzima, na tangu siku hiyo akawa mtoto wa nyumbani. Ana miaka miwili huko kwenu, ni nesi Hamburg. Mwezi wa nane Mama akampigia bila kuniambia, akamwomba apande treni akamtembelee Shabani wangu, amwoneshe kaburi kwenye simu, yeye asome Yasini kutoka hapa. Espérance akakubali palepale. Kwa Mama angekubali hata kwenda kwa miguu.

Nilipojua, zilikuwa zimebaki siku nne. Nikampigia Espérance nikamweleza kila kitu, mtu wa kwanza kumweleza. Alilia. Nikamwomba asiende Elm. Nikamwomba aende makaburi ya mji wa Braunschweig, ulio jirani na vilima, sehemu ya Waislamu, atafute kaburi lisilo na jina, asimame hapo. Akakataa. Nikamwomba tena kwa jina la mama yake, Mungu anisamehe. Akasema, "Yaya Ruki," kwao yaya ni dada mkubwa, "mimi siwezi sema uongo kwa Mama. Nitaenda huko, nitashika simu tu."

Ilikuwa Jumapili mchana. Mama alikuwa ameoga, amevaa baibui jipya, amekaa kwenye kochi na msahafu mapajani. Niliishika simu mimi ili nimzibe Espérance maneno. Kaburi lilikuwa zuri, Kaka, lina ubao tu na kokoto nyeupe. Mama alilitazama muda mrefu. Akasalimia, assalamu alaikum ya ahlal kubur, akafungua msahafu akasoma Yasini yote, bila haraka, sauti haikutetereka hata mara moja. Mama yetu akamsomea mtoto wa watu asiyemjua, na mimi pembeni naitikia amina.

Alipomaliza nikataka kukata simu. Akanizuia mkono. Akamwomba Espérance amzungushie simu pande zote, auone mlima.

Espérance akazunguka. Kulikuwa na ukuta wa matofali, na maghorofa, na gari limeegeshwa, na uwanja ulionyooka kama meza. Nikaanza kusema maneno mengi kwa haraka, sijui hata niliyosema. Mama hakunisikiliza. Aliikaribia simu mpaka pua ikagusa kioo. Miezi sita nimemfundisha, alikuwa anakijua kile kilima kuliko wazaliwa wa kule. Akasema hapa ni tambarare. Akauliza mibuche iko wapi, mbona miti ni ya kupandwa. Kisha akauliza taratibu, si mimi, Espérance: "Mwanangu, mlima uko wapi?"

Na yule dada, ambaye alikuwa ameniambia mapema kwamba hawezi, akajibu alivyojua. "Mlima iko kule mbali, Mama. Ukipanda basi ni karibu saa moja."

Njia ya mwongo fupi. Yangu ilikwenda miezi sita, ikaishia kwenye kochi.

Nilimwambia palepale. Nilimwambia moto, na karatasi, na saini yako, na namba ya mti. Nilimpa barua yako akaisoma mwenyewe, kwa kidole, mstari kwa mstari, mpaka kwenye mawe na baada ya mawe. Nilingoja apige ukelele. Nilingoja akulaani, nakwambia ukweli, nilitaka akulaani. Badala yake akaikunja barua ikawa ndogo, akaifunga kwenye upindo wa khanga. Akauliza kama Ute alikuwa nawe ulipokata roho. Nikasema ndiyo, alikuwa amekushika mkono. Akatikisa kichwa. Akasema mtoto aliogopa kuniambia, nilikuwa mkali sana kwao walipokuwa wadogo.

Mtoto! Una miaka hamsini na moja, umeandika wosia wa majivu yako, na bado wewe ni mtoto.

Kisha akanigeukia mimi. Nitayaandika maneno yake kama yalivyokuwa, maana wewe ndiye unayepaswa kuyabeba na mimi. Alisema, "Yeye ameshakufa, nitamwombea. Wewe uko hai, Rukia, na umenisomesha Yasini kwenye kaburi la mtu. Wewe nikufanye nini?"

Jumatatu asubuhi aliomba taxi, akaondoka na mfuko wake wa kafuri na nguo chache kwenda kwa Mama Mdogo Isipingo. Hakunitukana, hakubamiza mlango. Alinikumbusha kwamba gesi inavuja kidogo, niifunge vizuri.

Tangu siku hiyo kila Jumapili naenda Isipingo na mkate wa kumimina kwenye hotpot. Mama Mdogo hunipokea mlangoni, huniambia Mama amelala. Mama yetu hajalala mchana hata siku moja maisha yake yote. Nasikia kikohozi chake chumbani. Mama Mdogo hunirudishia hotpot ya wiki iliyopita, tupu, imeoshwa, na mimi huigeuza geuza nione kama kuna mkate uliobaki. Haubaki. Basi anakula, nashukuru, narudi nimeipakata hotpot tupu, na taxi ikisimama kwenye robot, zile taa za barabarani, pale karibu na soko nageuza uso dirishani ili mtu asinione.

Unajua ninachokionea wivu? Usicheke. Kuna siku tulipelekwa Lushoto kwa shangazi, wewe una miaka kumi, mimi sita, ukajaza mawe mifukoni mpaka suruali ikawa inashuka. Njia nzima ya kurudi ulinibebesha nusu yake, ukaniambia mimi ndiye msaidizi wako. Kufika nyumbani Mama akafua suruali, mawe yakavunja beseni. Ukasema ni Ruki. Nikachapwa mimi, na wewe ukalia kuliko mimi, ikabidi Mama akubembeleze wewe. Nilikusamehe kabla ya magharibi. Nilikuwa na moyo mwepesi siku hizo, na huo ndio ninaouonea wivu.

Sasa nikueleze la wiki iliyopita, ndilo lililonikalisha mezani. Sikuwepo. Nimesimuliwa na Espérance, kwa sababu Mama hakuniita.

Mama alimwomba aende tena, safari hii Elm kwenyewe. Nilimpa namba ya mti, hiyo ndiyo kazi yangu yote niliyopewa. Alifika asubuhi, mvua ya manyunyu, majani yote yameshaanguka, njia imejaa matope. Sheria za msitu ule kumbe ni kali: huweki jiwe, huweki ua, huwashi mshumaa, hakuna chochote isipokuwa kijibao cha namba. Akaupata mti wako mtelemkoni. Espérance akasema ni mzuri, yaya, siwezi kukuficha. Akampigia Mama Isipingo.

Mama akamwuliza kama amekuja na chupa tatu za maji alizomwagiza. Akasema anazo. Akamwuliza kama kuna mtu anakataza maji. Espérance akatazama huku na huku, akasema hapana Mama, mvua yenyewe inanyesha.

Basi Mama akakuosha, Kaka. Kutoka Isipingo, amekaa kitandani kwa Mama Mdogo, simu imeegemezwa kwenye mto, na Mkristo wa watu akiwa mikono yake. Akanuia kwa sauti, "Namwosha mwanangu Shabani." Maji ya kwanza huwa na majani ya mkunazi. Mkunazi hakuna huko, Mama akasema okota ya mti huo huo, yafikiche kwenye chupa. Maji ya pili matupu. Ya tatu kafuri, chembe moja tu. Mama alikuwa ameituma kwa posta tangu mwezi wa tisa. Akamwambia mwage taratibu, usimrushie, umwombe radhi. Akamwambia anza upande wa kulia.

Espérance akakwama. Akamwuliza Mama kulia kwake ni wapi, hapa ni mti tu na ardhi. Anasema Mama alimjibu, "Kulia kwako wewe, mwanangu. Yeye atajua."

Sijui kama inafaa kisheria. Sijamwuliza shekhe na sitamwuliza. Ninajua tu kwamba Espérance anasema Mama alipomaliza alifuta mikono yake kwa taulo, kavu kama ilivyokuwa, kidole kwa kidole, kama afanyavyo siku zote akitoka kwa maiti.

Kwa hiyo umeoshwa. Umeombewa, umesamehewa, umepata na mlima wako uelekeao kibla. Kila ulichokitaka umekipata, na ambacho hukukitaka umeletewa mpaka mlangoni. Mimi nimekaa hapa na mapazia ya watu. Nimempoteza Mama kwa ajili yako na yuko kilomita ishirini tu kutoka hapa, anakohoa nyuma ya mlango. Nakuchukia, Kaka. Halafu simu ikiita mchana nadhani ni wewe, unataka kunieleza habari za jiwe fulani, na ningekusikiliza, safari hii nisingeruka hata ukurasa.

Basi kwa heri. Lala huko ulikojichagulia, Mungu akupunguzie. Jumapili nitapanda taxi tena na hotpot yangu, na Jumapili nyingine, mpaka Mama afungue mlango kwa mkono wake au mpaka niitwe nikamwoshe. Na nakuahidi jambo moja. Siku nitakaposimamishwa mimi na kuulizwa nani alimdanganya mwanamke yule, nitasema ni mimi, sitajitetea. Kisha nitakuonesha wewe kwa kidole nitasema, na huyu ndiye aliyenituma.

Mdogo wako,
Rukia